Tusikimbilie Kifo: Mambo ya Mlipuko na Yatupasayo Siku ya Hatari

Nchi ya Lualaba ni nchi ya shaba na kobalti, na shaba haitoki ardhini kwa jembe. Mwamba hupasuliwa kwa baruti. Mashine kubwa zichukuazo mawe huendeshwa kwa mafuta. Kisha shaba yenyewe hutengwa na mawe kwa nguvu ya asidi. Basi baruti, mafuta na asidi, vitu hivi vitatu hupita kila siku mbele ya milango yetu, katika barabara itokayo mpakani Kasumbalesa, ikipita Lubumbashi, Likasi na Fungurume, mpaka Kolwezi. Malori hupita mchana na usiku. Watoto wetu huyahesabu wakienda shuleni, na mama zetu huuza ndizi na mikate kando yake yakisimama.

Mvuvi wa mto Lualaba ajua ya kuwa mtoni mna samaki na mna mamba. Hauachi mto, maana ndio umlishao. Lakini ajua mahali pa kuoga na mahali pasipofaa. Nasi yatupasa kuijua barabara yetu na machimbo yetu vivyo hivyo. Twaandika maneno haya kwa ajili ya baba na mama wa nyumba, walimu, vijana wa pikipiki, wachimbaji, na wanafunzi ambao watasoma kwa sauti mbele ya wazee wasiojua kusoma.

YALIYOTOKEA SANGE NA BUYOFWE

Tarehe 2 Julai mwaka 2010, siku ya Ijumaa jioni, lori la mafuta lilipinduka katika kijiji cha Sange, Kivu ya Kusini, katika barabara iendayo Uvira. Mafuta yakamwagika njiani. Watu wakatoka majumbani, wakubwa kwa wadogo, wakaja na ndoo, sufuria na mabidoni. Wengine hawakuja: walikuwa wamekaa ndani karibu na njia wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka ghafula. Haukuchagua kati ya yule aliyekuwa akichota na yule aliyekuwa akitazama mpira. Watu zaidi ya 230 walikufa, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Maiti wengi hawakutambulikana, wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Tarehe 6 Oktoba 2018, huko Mbuba upande wa magharibi wa nchi yetu, lori la mafuta liligongana na gari jingine, na moto ukaua watu wapatao 50. Tarehe 10 Agosti 2019, mahali paitwapo Msamvu, katika mji wa Morogoro nchini Tanzania, yakatokea yale yale ya Sange: lori lilipinduka asubuhi, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, wakafa watu zaidi ya 100.

Lualaba yetu nayo haikusalimika. Tarehe 12 Novemba 2017, treni ya mizigo iliyovuta matangi 13 ya mafuta ilitoka relini karibu na Buyofwe, upande wa Lubudi, ikatumbukia bondeni, na mafuta yakawaka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Treni ile haikuwa ya abiria. Lakini walikuwamo watu waliopanda kwa siri, kama wafanyavyo wengi wasio na nauli. Mwezi wa Machi 2022, karibu na Buyofwe hapo hapo, treni nyingine ya mizigo ilianguka ikaua watu zaidi ya 70, na hao pia walikuwa wamepanda bila ruhusa. Mtu akaaye juu ya tangi la mafuta amekaa juu ya jiko. Akisafiri salama mara kumi, asidhani kwamba jiko limekuwa kiti.

KWA NINI MAFUTA HULIPUKA

Wengi hudhani kwamba petroli huwaka kama kuni ziwakavyo. Sivyo. Kiwakacho ni mvuke wake, na mvuke huo hauonekani kwa macho. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini kama maji. Hufuata mifereji, hujaza mashimo, hupita chini ya milango. Tena petroli hutoa mvuke hata wakati wa baridi kali, wala haingoji jua la mchana.

Mvuke ukishachanganyika na hewa kadiri ya sehemu 2 hadi 7 katika 100, hungoja kitu kimoja tu, nacho ni cheche. Cheche yaweza kutoka katika injini ya pikipiki, sigara, waya wa betri uliong'olewa, chuma kilichogongana na chuma, au jiko la makaa la mama akaangaye mihogo mbali na lori. Hapo mvuke wote huwaka kwa mara moja, kutoka jikoni mpaka kwenye tangi, na kila aliyesimama katikati amesimama ndani ya moto.

Hapa ndipo penye udanganyifu. Dakika ya kwanza hapana neno. Dakika ya tano, hapana neno. Mtu huona jirani yake amejaza bidoni akarudi salama, naye husema moyoni: Mbona hatari siioni? Kumbe kila dakika ipitayo mvuke huongezeka, na kila mtu ajaye na pikipiki au sigara huleta cheche nyingine. Aliye salama dakika ya kumi ni salama kwa sababu moja tu: cheche haijafika.

Wengine hujitetea wakisema kwamba dizeli haiwaki upesi. Ni kweli, dizeli si nyepesi kushika moto kama petroli. Lakini nani ajuaye, kwa kulitazama tu lori lililopinduka, kama ndani mna dizeli au petroli? Aghalabu tangi moja limegawanywa vyumba kadhaa, na kila chumba chaweza kuwa na mafuta yake.

Neno jingine la kujua ni hili: tangi lililofungwa likizungukwa na moto, mafuta ya ndani huchemka, mvuke husukuma kwa nguvu, na chuma hulegea kwa joto mpaka kinapasuka. Hapo hutokea tufe kubwa la moto, na vipande vya chuma huruka mbali sana. Ndiyo maana lori ambalo limekwisha kuwaka bado halijamaliza ubaya wake. Watu waliosimama kutazama moto wa kwanza huuawa na mlipuko wa pili.

JE, WALIOKUFA WALIKUWA WAOVU?

Baada ya kila msiba wa namna hii husikika maneno makali: Walikuwa wezi, Mungu amewalipa. Wazee wana methali isemayo, Tamaa mbele, mauti nyuma, na methali hiyo ni ya kweli. Walakini tusiifanye kuwa jiwe la kuwatupia maiti. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, Bwana wetu aliwakumbusha watu habari za wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloe. Je, hao walikosa kuliko wakaaji wengine wote wa Yerusalemu? Yeye mwenyewe alikana, kisha akawageukia wasikilizaji wake, akawataka wao waliokuwa hai wabadili mwenendo wao.

Basi nasi tutumie akili kwa ajili ya walio hai. Baba asiye na kazi, aonaye mali ya siku nyingi ikimwagika bure mchangani, si lazima awe mwizi. Ni mtu mwenye shida aliyefanya hesabu mbaya upesi upesi. Tuifanye hesabu hiyo pamoja naye leo, kabla lori halijaanguka. Upande mmoja wa mizani tuweke bidoni moja ya lita 20: itampa chakula cha siku chache. Upande wa pili tuweke macho yake, mikono yake, mke wake, na ada ya shule ya watoto ambayo hakuna atakayeilipa. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili akubaliye biashara hiyo.

Kuna jambo baya zaidi. Wazazi wengine hawaendi wenyewe, bali huwatuma watoto, kwa kuwa watoto ni wepesi wa kupenya katikati ya watu. Mzazi amtumaye mtoto kuchota mafuta njiani ameivunja amri ya tano ya Mungu, hata kama mtoto amerudi na ndoo imejaa.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Mwenye lori asiyetengeneza breki zake, bwana mkubwa amlazimishaye dereva kuendesha usiku kucha bila kulala, askari aachaye lori la mafuta lisimame usiku katikati ya soko kwa ajili ya kitu kidogo mkononi, hao nao watajibu mbele ya Mungu. Maskini akishika adabu ya barabara, na tajiri aishike.

SIKU LORI LIPINDUKAPO

Tahadhari kabla ya hatari, husema wazee. Siku ya hatari mtu hana nafasi ya kufikiri. Hufanya yale aliyoyazoea. Kwa hiyo tujifunze sasa.

Kwanza, tusiende. Mguu wa kwanza uelekeao lori ndio mguu mbaya. Tuondoke mara moja, na tuwashike watoto mikono.

Pili, tujue pa kwenda. Tutazame upepo wavuma kutoka wapi, kwa kutazama majani, moshi, au vumbi; tuelekee upande utokako upepo, tena mahali palipoinuka. Tusifuate mfereji wala bonde, maana mvuke nao hufuata huko.

Tatu, tujue umbali. Wataalamu wa zima moto wasema: tangi la mafuta likishika moto, watu wote wakae mbali mita 800 kila upande. Huo ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu. Ikiwa ni tangi la gesi ya kupikia, au lori la baruti linalowaka, umbali ni mita 1,600, yaani mwendo wa dakika 20.

Nne, tusiwashe kitu. Pikipiki iliyo karibu na mafuta yaliyomwagika isipigwe moto. Mwenyewe aiache, pikipiki hununuliwa tena. Wakaao mbali kidogo na njia, ambao harufu haijawafikia, wazime majiko yao kwa mchanga au maji. Waliokwisha kuisikia harufu waache vyote, wakimbie. Simu tuipige tukiwa tumefika mbali.

Tano, tuwazuie wengine. Kijana mwenye filimbi na kitambaa chekundu, akisimama mita 800 kutoka penye ajali na kuwarudisha watu, ataokoa roho nyingi kuliko waganga kumi watakaokuja jioni. Kazi hiyo yawafaa sana vijana wa Skauti na wa vyama vya parokia, mradi wao wenyewe wasivuke mpaka waliouweka.

Je, tufanyeje kwa dereva aliyenaswa ndani ya gari? Hili ni swali gumu, na upendo wa jirani hauturuhusu kulikwepa. Kama hapana mafuta yaliyomwagika wala moshi, watu wawili au watatu wenye nguvu wamtoe upesi, bila kung'oa betri na bila kukusanya kundi. Lakini mafuta yakiwa yametapakaa, au moto umekwisha kushika tangi, asiye na nguo na vifaa vya zima moto hawezi kumfaa. Ataongeza maiti wa pili, na mjane wa pili. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Sita, tukiona mwanga mkubwa wa ghafula kwa mbali, tusikimbilie dirishani. Sauti na pigo la hewa huja baada ya mwanga, kadiri ya sekunde 3 kwa kila kilomita moja. Sekunde hizo ni zawadi ya Mungu: tujilaze chini, uso ardhini, mikono juu ya kichwa, mbali na vioo. Katika mji wa Halifax, nchini Kanada, tarehe 6 Desemba 1917, meli iliyojaa baruti iliwaka bandarini, na watu wakasimama madirishani kuitazama. Ilipolipuka, vioo viliwapofusha watu wengi sana. Mjini Beirut, nchini Lebanoni, tarehe 4 Agosti 2020, ghala lenye tani 2,750 za chumvi ya nitrati liliwaka, na watu wakasimama hivyo hivyo madirishani, wengine wakipiga picha. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kati ya misiba hiyo miwili imepita miaka 100 na zaidi, lakini dirisha ni lile lile.

LORI LA BARUTI NA MLIPUKO WA MACHIMBO

Nitrati tuliyoitaja ndiyo hiyo itumikayo katika machimbo yetu, ikichanganywa na mafuta kidogo ya dizeli. Peke yake hukaa kimya. Lakini ikipata moto mkubwa mahali palipobanwa, hulipuka kwa nguvu ya kutisha. Tarehe 20 Januari 2022, katika kijiji cha Apiate, nchini Ghana, lori lililobeba baruti kwenda kwenye machimbo ya dhahabu liligongana na pikipiki, likashika moto. Baada ya muda likalipuka. Watu 13 walikufa, na mamia ya nyumba zilibomoka. Mahali lilipokuwa lori palibaki shimo. Ndugu wasomaji, Apiate ni kijiji kama vijiji vyetu vya njiani kati ya Likasi na Kolwezi. Lori lenye alama ya baruti likiwaka moto, si kazi ya ndoo za maji. Ni kazi ya miguu: twende mbali mita 1,600, tukiwaita jirani zetu kwa sauti.

Wale wakaao karibu na mashimo makubwa ya wazi, huko Musonoi, Luilu na Kapata, wajua sauti ya king'ora. King'ora hulia ili watu waondoke kabla ya mwamba kupasuliwa. Kikilia, tuwaite watoto ndani, tusisimame nje kutazama, na tungoje mpaka ishara ya mwisho itolewe. Jiwe lirushwalo na baruti lina uzito na mwendo. Laweza kuvuka uzio na kuua mtu shambani kwake.

Vijana wachimbaji, neno hili ni lenu. Twajua mnavyoingia mashimoni mara baada ya mlipuko ili kuokota mawe yenye madini kabla mashine hazijaja. Mjue hatari tatu. Ya kwanza ni moshi: ule wa rangi ya kutu ni sumu, huchoma mapafu, na mtu aweza kuondoka akitembea kisha akazidiwa usiku. Hewa nyingine ya sumu itokayo kwa baruti haina rangi wala harufu, na humlaza mtu usingizi asiamke. Ya pili ni mwamba uliolegea, ambao wangoja kuguswa tu. Ya tatu ni baruti iliyokataa, yaani ile iliyobaki tunduni bila kulipuka. Tundu la namna hiyo likipigwa kwa mtalimbo, hulipuka usoni pa mpigaji. Mchimbaji mwenye busara hapigi kamwe penye tundu la zamani, wala hatumii baruti iliyoibwa, wala hawashi moto ndani ya shimo ili kulegeza jiwe.

Na kwa wale ambao nyumba zao zimepasuka kuta kwa kutikiswa: hasira peke yake haijengi ukuta. Andikeni katika daftari siku na saa ya kila mlipuko. Pigeni picha ya ufa, mkiweka rula kando yake, na mwezi ujao mpige tena. Kisha mwende pamoja, si mmoja mmoja, kwa mkuu wa mtaa, mkisaidiwa na kamati ya Haki na Amani ya parokia. Daftari lililoandikwa vizuri ni shahidi asiyenyamazishwa.

WATOTO NA FATAKI

Baruti huamshwa na kitu kidogo kiitwacho fataki. Ni kijibomba cha alumini au shaba, chembamba, chenye urefu wa kidole, mara nyingi kina nyaya mbili za rangi nzuri. Kwa macho ya mtoto ni kitu cha kuchezea, au cha kuuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini kikigongwa kwa jiwe, kikitiwa motoni, au kikiunganishwa na betri ya redio, hung'oa vidole na kupofusha macho.

Tena Kolwezi iliona vita mwezi wa Mei 1978, na vita huacha ardhini vitu visivyooza. Risasi, bomu la mkono au kombora laweza kulala udongoni miaka 50 na bado likawa na nguvu yake yote.

Twawaomba walimu wachore fataki ubaoni, watoto wote waione. Kisha wafundishe sheria ya maneno matatu, kama wafundishavyo jedwali la kuzidisha: Usiguse. Rudi ulikotoka. Mwambie mkubwa. Naye mkubwa aliyeambiwa asiende kukichukua ili awaonyeshe wenzake. Aweke alama kwa mbali, amwite askari au mlinzi wa machimbo. Mtoto aliyeleta habari asipigwe wala asifokewe, hata kama alikuwa mahali palipokatazwa, maana mtoto apigwaye leo atanyamaza kesho.

SI KILA KIMIMINIKA NI MAFUTA

Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, njiani kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi liligongana na magari mengine, na asidi ikawamwagikia watu. Wapatao 20 walikufa, na wengine wakaungua vibaya. Asidi hiyo ya salfa haina rangi ya kutisha. Yafanana na mafuta mepesi. Hula nguo, ngozi na mfupa. Ikigusana na chuma hutoa gesi iwakayo upesi, hata tangi tupu la asidi laweza kulipuka likikaribiwa na moto.

Basi ajaye na ndoo kwenye lori asilolijua, hajui kama achota mafuta au achota kifo cha namna nyingine. Aliyerukiwa na asidi avuliwe nguo mara moja, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, nusu saa nzima, hata akilia kwa maumivu. Maji machache hayafai, yatakiwa mengi.

HATARI ILIYO CHINI YA KITANDA

Katika miji mingi ya Kongo, wauza mafuta wa kando ya njia wamepewa jina la Kadhafi. Hatuwadharau, ni watu watafutao riziki. Lakini twajua ya kuwa wengine hulala chumba kimoja na mabidoni ya petroli, pamoja na mke na watoto, na mshumaa mezani. Bidoni isiyofungwa vema hutoa mvuke usiku kucha, na chumba hujaa kimya kimya. Petroli ikae nje, mahali penye hewa na kivuli, mbali na jiko. Isitiwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa, wala isitumike kuwashia makaa. Pikipiki izimwe kabla ya kutiwa mafuta, na muuzaji asivute sigara wala kuruhusu wengine wavute karibu naye.

Wenye kutumia gesi ya kupikia, wakisikia harufu yake usiku, wasiwashe taa wala wasizime iliyowaka, maana swichi nayo hutoa cheche. Wafungue milango na madirisha, wafunge mtungi, watoke nje. Na kila nyumba iwe na ndoo ya mchanga mkavu karibu na jiko: mafuta yawakayo hayazimwi kwa maji, kwani maji huyatawanya.

MTU AKISHAUNGUA

Aliyeshikwa na moto nguoni asikimbie. Mbio humlisha moto. Alale chini, afunike uso kwa mikono, abingirike; wengine wamfunike kwa blanketi. Jeraha lake limwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Avuliwe pete, bangili na mkanda kabla hajavimba. Nguo iliyogandama na ngozi isivutwe. Kisha afunikwe kwa kitambaa safi, asipate baridi, apelekwe hospitali.

Twasikitika kuona majeraha yaliyopakwa mafuta ya mawese, dawa ya meno, udongo, au majivu. Vitu hivyo havipoozi. Hufungia joto ndani na kuleta uchafu. Mganga hulazimika kuvikwangua, na mgonjwa huumia mara mbili.

Tena, aliyekuwa karibu na mlipuko na akaonekana mzima asiachwe aende zake. Pigo la hewa laweza kupasua mapafu, matumbo na masikio bila kuacha jeraha nje. Akikohoa damu, akihema kwa shida, au akiwa kama mlevi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

KAZI YA JUMUIYA ZETU

Tangu zamani wachimbaji wa madini na watu wa baruti wamemchukua Mtakatifu Barbara kuwa mwombezi wao, ambaye hukumbukwa tarehe 4 Desemba. Wakristo humwomba hasa awakinge na kifo cha ghafula kisichotazamiwa. Sala hiyo ni njema. Lakini aombaye kinga ya moto huku ameshika ndoo akikimbilia lori, anamjaribu Mungu.

Twashauri kwamba mwaka huu, siku hiyo ya Mtakatifu Barbara, kila jumuiya ifanye mambo manne baada ya sala. Ipime kwa miguu mita 800 kutoka barabara kuu, ili kila mtu ajue hasa ni wapi. Ichague mahali pa kukutania familia, palipoinuka, na kuwaonyesha watoto. Iandike namba za simu za polisi, za hospitali na za walinzi wa machimbo, kila nyumba iziweke nyuma ya mlango. Na ichague watu wawili wa filimbi, wasiolala mbali na barabara. Kazi hiyo haimalizi saa mbili, wala haitaki fedha.

Lori litapinduka tena, wala hatujui ni siku gani. Siku hiyo baba mmoja atasimama mlangoni na bidoni tupu mkononi, na mtoto wake atamtazama. Tuwaombee wote wawili tangu leo, na tumfundishe mtoto huyo aseme kwa heshima: Baba, twende huku, upepo watoka huku.